Damu inayopelekwa nje kwa kipimo cha ALD: lipia karatasi, kifurushi waachie wenyewe

Ikiwa daktari amekwambia umpeleke mtoto akapimwe asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu mno, kutafuta ALD, ugonjwa wa kurithi unaoshika adrenali na ubongo, ukifika dirishani usitoe hata shilingi kabla hujauliza: hapa mnayo karatasi? Watakutajia kifurushi. Wewe rudia: karatasi, ile kadi ya matone ya damu. Nimelipia vyote viwili, kwa mjukuu, kwa mama yake na kwa nafsi yangu, kwa hiyo nasema kwa risiti, si kwa kusikia.

Huduma yenyewe iko hivi. Maabara binafsi ya Mjini Unguja inachukua damu yako hapa, inaifunga, inaipeleka kwa maabara kubwa ya nchi za nje, na majibu yanarudi kwa barua pepe. Maabara za namna hii haziko moja na mwendo wao unafanana, basi hiyo niliyokwenda mimi sitoitaja. Wana kiyoyozi kinachofanya kazi, viti safi, na kijana wa mlangoni anayejua kuamkia wazee. Shikamoo yake naipa nyota tano. Yaliyobaki tutayatazama moja moja.

Mimi ni afisa mifugo mstaafu, nakaa Kitogani, kusini ya Unguja. Mjukuu wangu mkubwa, mtoto wa binti yangu, alikuwa darasa la pili yalipoanza. Kwanza alichoka. Mtoto wa kucheza mpira mpaka adhana ya magharibi akawa anarudi skuli na kujilaza sakafuni na sare yake. Halafu akaanza kula chumvi. Sisemi kupenda chakula cha chumvi. Alikuwa anaingia jikoni anachota kwa kidole. Bibi yake akamgombeza. Nikamwambia mwache, mnyama akilamba chumvi ana kitu anakikosa. Kisha makovu ya magoti yakawa meusi kuliko ngozi yenyewe, na ufizi ukaingia madoa ya rangi ya wino. Kwa rangi zetu hizi jambo kama hilo halionekani upesi, watu wanasema tu mtoto amechezea jua. Daktari kijana aliyetupokea hospitali alimulika mdomoni, akakunjua viganja akaangalia mistari yake, akaagiza kipimo cha asubuhi cha kotisoli, homoni inayotolewa na tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo. Ikaja chini kabisa. Akamwanzishia haidrokotisoni, dawa ya kushika nafasi ya kotisoli, na haukupita muda mtoto akaomba mpira wake.

Wengi wangeishia hapo. Yeye hakuishia. Alisema, "Mzee wangu, mtoto wa kiume tezi zake za adrenali zikizimika bila ya sababu ya wazi, lazima tuulize kuhusu ALD." Daktari huyo, binti mdogo, sijui anatokea wapi, ila popote alipo Mungu amzidishie.

ALD ni adrenolyukodistrofi. Nieleze kwa kadiri nilivyoelezwa na nilivyosoma, maana huko dirishani hakuna atakayekueleza. Ndani ya seli zetu mna vijumba vidogo sana vinavyoitwa peroksisomu. Aliyevipa jina hilo ni Christian de Duve wa Ubelgiji, katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 alipata Nobeli kwa kazi yake ya mambo ya ndani ya seli. Kazi moja ya vijumba hivyo ni kuzikatakata asidi za mafuta zilizo ndefu mno, zile za kaboni 22 na kuendelea. Lakini asidi hizo haziingii ndani zenyewe. Kwenye utando wa peroksisomu kuna protini inayoitwa ALDP, yenye amino asidi 745, ambayo inazipokea nje na kuzipitisha ndani, kama mpagazi wa bandarini na gunia la karafuu. Maagizo ya kuijenga protini hiyo yako kwenye jeni ya ABCD1, juu ya kromosomu X, na jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1993. Ikiharibika, mzigo unabaki nje. Asidi za kaboni 26 zinajaa kwenye damu, kwenye tezi za adrenali, kwenye uti wa mgongo, na kwa zaidi ya theluthi ya watoto wa kiume wenye kasoro hiyo, zinafuatiwa na moto unaoanza ndani ya ubongo na kula ule utandu mweupe unaovika neva.

Protini yenyewe huwezi kuichungulia kwa tone la damu. Unachopima ni mzigo uliorundikana, na kwa mzigo huo unajua kuwa mpitishaji hayupo kazini. Hicho ndicho wanachokiita kiashiria cha ugonjwa, na ndicho tunachokwenda kukinunua pale dirishani.

Sasa bidhaa zao. Kifurushi kina vitu vitatu: plasma, yaani maji ya damu, ya kupimia asidi ndefu, usomaji wa jeni ya ABCD1, na kitu wanachokiita ushauri wa lishe. Bei yake ni mbuzi wawili wazuri wa Idi, na mimi mbuzi najua bei zao. Karatasi ni jambo jengine kabisa. Ni kadi ya karatasi ya chujio yenye miduara iliyochapwa. Kidole kinachomwa, matone yanajaza miduara, kadi inalazwa bapa ikauke kwa saa kadhaa mbali na jua, inatiwa kwenye bahasha pamoja na pakiti ya kufyonza unyevu, basi. Inasafiri kama barua. Bei yake haifiki hata mbuzi mmoja aliyekonda.

Plasma haisafiri kama barua. Damu ya mshipa inazungushwa kwenye mashine, maji yake ya juu yanatengwa, yanagandishwa, na yanatakiwa yafike huko yangali yameganda, ndani ya boksi la barafu kavu. Fikiria njia yenyewe: Mjini, uwanja wa ndege, Dar es Salaam, kisha huko kwengine, na kila mahali kuna mtu anayeweza kuliacha boksi juani akaenda kunywa chai. Ya kwetu ya mwanzo ilifika imeyeyuka. Walitupigia simu wakataka tulipe usafirishaji upya. Nikawaomba waniandikie barua yenye muhuri inayoeleza mgonjwa alihusika vipi na kuyeyuka kwa barafu. Barua haikuandikwa, na malipo hayakudaiwa tena.

Hilo la barafu ningelisamehe. La kushinda na njaa silisamehi. Kwa kipimo cha plasma mgonjwa anaambiwa asile tangu usiku. Kwa mtu mzima kama mimi hiyo ni nusu ya funga ya Ramadhani. Kwa mtoto ambaye adrenali zake hazifanyi kazi ni hatari, maana mwili wake hauna kotisoli ya kuishikilia sukari isishuke. Na karani kwenye simu alimwambia binti yangu: asile, asinywe chochote, na dawa zake asimeze mpaka damu itoke. Tukaondoka Kitogani na gari la mwanzo la alfajiri. Mlango ulifunguliwa, lakini mchukuaji damu alikuwa bado hajafika, na hakuna aliyekuwa na haraka. Mtoto akaanza kutoka jasho huku kiyoyozi kinapuliza, akanyamaza, macho yakawa mazito. Mama yake hakuuliza mtu. Alifungua mkoba, akampa kidonge chake na maji ya machungwa yenye sukari. Mhudumu akaja mbio: "Mama, umeshaharibu sampuli!" Nikamjibu kwamba sampuli itachukuliwa nyengine, mtoto hatukuja na wa akiba.

Baadaye daktari alitwambia kwa ukali kidogo: mgonjwa wa adrenali dozi yake haikatizwi kwa ajili ya kipimo ila yeye mwenyewe daktari aseme, na mtoto kama huyo hafungishwi. Karatasi haikumtaka ashinde na njaa. Alikula mkate wa mofa na chai, akachomwa kidole, akatoka. Kama maabara inauza kipimo kinachopimwa zaidi kwa watoto wenye upungufu wa adrenali, halafu maelekezo yake ya simu hayaulizi hata swali moja kuhusu adrenali, nyota ngapi nitoe? Moja, na hiyo ni ya kiyoyozi.

Karatasi hii si mchezo wa juzi. Kinachopimwa humo kinaitwa C26:0-LPC, yaani lisofosfatidilikolini, aina ya mafuta ya damu, iliyobeba ile asidi ya kaboni 26. Jimbo la New York lilianza kukitumia kwa kila mtoto anayezaliwa mwishoni mwa mwaka 2013, na mwaka 2016 ALD ikaingizwa kwenye orodha ya Marekani nzima ya magonjwa yanayopendekezwa kutafutwa kwa watoto wachanga. Huko wanakisia mtoto mmoja kwa kila 17,000 hivi anazaliwa na kasoro hii. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1981, plasma ndiyo iliyokuwa mfalme, kwa kazi ya Hugo Moser na wenzake wa Baltimore, na kwa mwanamme inatosha mpaka leo. Sisemi plasma ni kipimo kibovu. Nasema kwa kisiwa chenye joto na unyevu, na wasafirishaji tunaowajua, bora bahasha kuliko boksi.

Majibu yakaja. Hapa nieleze kwa urefu, maana hapa ndipo pesa inapopata au inapokosa thamani yake.

Karatasi ya mtoto: juu, tena juu mbali na kikomo. Plasma, ile ya mara ya pili: juu, pamoja na uwiano wa kaboni 26 kwa 22 na wa 24 kwa 22. Hayo mawili yanasema neno moja. Jeni ndiyo iliyokuja na mtihani. Walikuta herufi moja imebadilika kwenye ABCD1, wakaandika kwa lugha ya mbali kwamba badiliko hilo maana yake haijathibitika. Binti yangu akalia kwa furaha. Alidhani ameambiwa hapana ugonjwa. Dirishani wakamwambia, "Mama, majibu yenu tata, tunashauri mrudie." Kurudia maana yake ni mbuzi wawili wengine.

Daktari alituweka sawa. Badiliko la jeni linaitwa halijathibitika pale ambapo halijaonekana vya kutosha kwa watu wengine, na katika hazina za jeni za dunia watu wa Afrika ni wachache, kwa hiyo sisi mabadiliko yetu mara nyingi yanaangukia kwenye fungu hilo. Lakini hatukuhitaji kubahatisha. Kiashiria kimeshasema kuwa protini haipitishi mzigo. Adrenali zimeshazimika. Herufi imebadilika kwenye jeni ileile inayohusika. Ukiviweka vitatu pamoja, utata uko wapi? Ndiyo maana nasema usomaji wa jeni peke yake, bila kiashiria, kwa mtu wa kwetu unaweza kukuacha njia panda na mfuko mtupu. Jeni ina faida yake: ikishajulikana kwa mmoja, ndugu wanaangaliwa herufi ile moja tu, rahisi na kwa uhakika. Lakini ije baada ya karatasi, si kabla.

Kisha mama mtu. Plasma yake ilikuja safi kabisa, kila namba ndani ya mstari. Dirishani wakampongeza. Karatasi yake ilikuja juu. Hili silo ajabu kwa wanaojua: katika kila wanawake 100 wenye kasoro ya ABCD1, 15 mpaka 20 plasma yao inaonekana ya kawaida, kwa sababu mwanamke ana X mbili na ile nzima inafanya kazi katika sehemu ya seli zake. Tungelishika kifurushi tukaacha karatasi, angeambiwa hana kitu, na asingeliangalia ile miguu inayomkakamaa akipanda ngazi, ambayo alikuwa akiisingizia kubeba ndoo. Wanawake wengi wenye kasoro hii wakifika utu uzima uti wa mgongo unaathirika, taratibu. Neno "mbebaji tu" walilolitumia dirishani halitoshi.

Na mimi nilijipima. Sababu ni hii: baba akiwa na kasoro hiyo anawapa binti zake wote, maana X yake ni moja na binti lazima aichukue, na hampi hata mmoja katika wanawe wa kiume. Nina mabinti kadhaa na wajukuu wengi, nilitaka kujua nyumba nzima inasimama wapi. Yangu ilikuja chini, safi. Basi imetoka upande wa mama watoto, au imeanza kwa binti mwenyewe. Mama watoto amekataa kuchomwa kidole. Anasema kwa umri wake hataki kuhojiwa na karatasi. Dada zake wana watoto wa kiume, kwa hiyo mazungumzo hayo hayajesha. Jambo moja lilipona papo hapo: mkwe wangu alikuwa ameshaanza kurushiwa maneno barazani, kwamba kwao kuna kitu. Baba hampi X mwanawe wa kiume. Nililisema hilo msikitini baada ya ijumaa, kwa sauti, na maneno yakakoma.

Kosa jengine la dirishani, na hili ni la maelezo. Walimwambia binti yangu kuwa namba kubwa ni ugonjwa mkubwa. Si kweli. C26 inakwambia kuwa protini ya utando haifanyi kazi. Haikwambii ubongo wa nani utashika moto wala lini. Ndugu wawili wa tumbo moja, herufi ileile, namba zinazokaribiana, mmoja anaumia ubongo akiwa na miaka saba na mwengine anafika arubaini ndipo miguu inaanza kukataa. Wanaotafuta kiashiria cha kutabiri hilo bado wanahangaika. Kwa sasa anayeangalia ubongo ni mashine ya MRI, tena mara kwa mara: kwa mtoto wa kiume kila miezi 6 tangu anapofika kama miaka 3 mpaka 12, kisha kila mwaka. Moto ukionekana mapema, upandikizaji wa uboho unaweza kuuzima. Mtoto akishaanza kupoteza kusikia na kusahau njia ya skuli, mara nyingi wakati umeshapita.

Kwa kuwa namba haitabiri, ndipo "ushauri wa lishe" unapoingia kwenye fungu la vitu nisivyovitaka. Ushauri wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja na bei ya chupa. Mafuta ya Lorenzo: sehemu nne za mafuta ya asidi oleiki kwa sehemu moja ya asidi erusiki, yaliyotafutwa na Augusto na Michaela Odone kwa ajili ya mtoto wao Lorenzo, aliyezaliwa mwaka 1978 na kufariki 2008. Wazazi wale ni watu wa kuvuliwa kofia. Mafuta yanaishusha C26 ya damu, hilo halina ubishi, na ukipima baada ya wiki chache utaiona namba imependeza. Lakini kwa mtoto ambaye ubongo umeshaanza kuumia hayakuonekana kuuzuia ugonjwa, na yanaweza kupunguza chembe za kugandisha damu. Kumuuzia mzazi kitu kinachopendezesha kiashiria huku ukimwacha aamini kwamba mtoto amepona, mimi naita biashara, na sikusema biashara nzuri. Fedha ya chupa ile tuliitia kwenye haidrokotisoni, ambayo haipo kila duka la dawa, na kwenye sindano ya dharura inayokaa kwenye mkoba wa skuli.

Mtaniwia radhi nitoke nje kidogo, maana hapa ndipo kazi yangu ya zamani iliponirudia. Hizi protini za utando wa peroksisomu wengine wanazitazama kwa jicho la kutafuta dawa, na mfano uliofika mbali umo kwa adui yangu binafsi, mdudu wa nagana, maradhi ya ng'ombe yanayoletwa na mbung'o.

Vijana wa sasa hawajui, lakini Unguja ilikuwa na mbung'o. Jina lake ni Glossina austeni, mdogo, wa rangi ya hudhurungi, mwenye kupenda vichaka na msitu wa Jozani. Ng'ombe wa huku kusini walikuwa wakikonda wamesimama. Tulipaka mifugo dawa, tukatundika vitambaa vyenye sumu, mbung'o wakapungua wasiishe. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, wakaletwa madume waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, ndege ndogo ikiwamwaga kutoka juu, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike likipandwa na dume hilo halizai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwisho wa 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Mimi nilikuwa nikikagua mitego ya gundi. Kazi ya kuangalia mtego mtupu na kufurahi, hakuna aliyeielewa nyumbani kwangu.

Sasa yule kidudu anayebebwa na mbung'o, tripanosoma, naye ana peroksisomu zake, za namna ya pekee, zinaitwa glikosomu. Ndani yake amefungia vimeng'enya vya mwanzo vya kuvunja sukari. Opperdoes na Borst walilionesha hilo mwaka 1977. Vimeng'enya hivyo vinaletwa na protini inayoitwa PEX5, ambayo lazima ishikane na nyengine iliyosimama kwenye utando, PEX14, ndipo mzigo uingie. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani, wa Munich na Bochum, walichapisha kuwa wametengeneza molekuli ndogo zinazokaa pale pale PEX5 inapotaka kushika. Vimeng'enya vikabaki nje, vikaanza kuichoma nishati ya mdudu kwenye sukari bila ya breki, na mdudu akafa kwa chakula chake mwenyewe. Kwenye panya walioambukizwa, wadudu walipungua. Binadamu pia tuna PEX14, kwa hiyo kazi ni kuipata molekuli inayoijua ya mdudu na kuiacha ya mtu.

Niliposoma hayo nilitaka kumpigia simu kila niliyefanya naye kazi Jozani. Kwa mjukuu wangu protini ya utando imekosekana na tunataka kuirudisha. Kwa mdudu ipo na tunataka kuikwamisha. Na hata kwa ALD kuna wanaopita njia ya dawa: ABCD1 ina ndugu yake, ABCD2, anayekaa kwenye utando uleule na anayeweza kupitisha baadhi ya mzigo akiamshwa. Kwa panya waliokosa ABCD1, kumzidisha ABCD2 kulisaidia, na dawa za kumwamsha zimeshajaribiwa kwa watu. Mpwa wangu aliyeko Muscat alinitumia pia habari za tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, Skysona, dola milioni 3 kwa mtoto mmoja, na baadhi ya waliopewa wakapata saratani ya damu. Nilimjibu atume maziwa ya unga.

Tumalizie hesabu. Karatasi: nyota nne. Ya tano nimeitoa kwa sababu majibu yalitumwa kwenye simu ya shemegi ya binti yangu, kwa vile ndiye aliyelipa kwa simu siku ile. Siku ya pili mtaa mzima unajua nani ana nini. Andikisheni namba moja na anuani moja, ya mama au ya daktari, na mwambieni karani aisome kwa sauti kabla hamjaondoka. Plasma: nyota mbili kwa kipimo, moja kwa namna wanavyokihudumia. Jeni: nyota tatu, ikiwa imetanguliwa na karatasi. Ushauri wa lishe sina nyota ya kuupa.

Mdogo wake yule mtoto tulimpeleka kwa karatasi tupu, baada ya mabishano kwamba haiuzwi peke yake. Inauzwa. Yake imekuja juu. Yuko mzima, anacheza, adrenali zake bado zinajibu, na daktari ameshampangia kotisoli kila baada ya miezi michache na picha yake ya kwanza. Kwa yeye peke yake kadi ile imelipa gharama zote, maana tumemkuta kabla ya ugonjwa kumkuta.

Mkenda, nendeni Jumatatu au Jumanne asubuhi. Kinachochukuliwa Alhamisi kinalala pale mpaka wiki ya pili, na wakati wa masika hewa ya chumba kile ni maji matupu. Angalieni kwa macho yenu kama kuna pakiti ya kufyonza unyevu ndani ya bahasha. Na msimkubali yule kijana mwenye haraka, anakikamua kidole mpaka tone linachanganyika na maji ya nyama na mduara unakuja mwekundu wa kupauka. Muulizieni bwana wa makamo wa chumba cha ndani. Anaupasha mkono moto kwanza, anachoma mara moja pembeni ya ncha ya kidole, anaisubiri damu ije yenyewe.